Mwaka wa Maji ya Mama Zuhura

Habari ya kifo cha Rajabu ilinikuta jikoni, nakatakata vitunguu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Aliyeandika ni mkewe, Somoe, na aliandika kifupi kama anavyoongea: "Dada Skola, kaka yako ametutoka alfajiri. Tunazika leo baada ya adhuhuri, hapahapa Kitangari." Kutoka Dodoma ninakoishi siku hizi nisingewahi hata kama ningeota mbawa. Nikazima jiko, nikakaa kwenye kigoda, na kitu cha kwanza kilichonijia, Mungu anisamehe, hakikuwa sura yake wala kicheko chake. Kilikuwa hofu. Hofu ileile ya mwaka ule tuliofanya kazi pamoja, kila simu ilipoita nami nikijua ni yeye na kwamba mashine imegoma tena. Mtu amekufa, na mimi bado naogopa simu yake. Nikalia mpaka nikashindwa kujua kipi ni kilio na kipi ni vitunguu.

Arobaini nilikwenda, na huko nitafika. Lakini kwanza niuseme mwaka wenyewe, maana bila huo hutaelewa kwa nini mwanamke wa umri wangu alipanda basi la Kusini akitetemeka kama mwanamwali. Nilikuwa ndiyo nimetoka chuo, vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki, kichwa kimejaa kompyuta na moyo umejaa wasiwasi. Wasiwasi nimezaliwa nao. Wenzangu wakiona wingu huwaza mvua, mimi huwaza paa. Mradi mmoja mdogo wa maji ukaniajiri nikae Masasi, nikapanga chumba Mkomaindo, nyuma ya hospitali, kwa mama mmoja anayeitwa Mama Edda. Kitanda cha chuma, chandarua chenye viraka, na meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, kitasa chake bado kipo, kikinigonga kiwiko kila nilipokaa kuandika. Dirisha liliangalia uani, ambako Mama Edda alikaanga vitumbua vya kuwauzia watu waliokuja kuona wagonjwa. Kwa hiyo kazi yangu yote niliifanya huku nasikia maneno ya wenye wagonjwa. Huyu anauliza damu itapatikana wapi, yule anasema daktari kasema tusubiri. Nilikuwa nasikia "tusubiri" tangu kunapambazuka, mpaka nikawa naona kama naambiwa mimi.

Kazi ilikuwa hivi. Newala iko juu ya uwanda, mikorosho inastawi, hewa safi, lakini mto haupo. Maji yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni, yanapandishwa kilima, halafu yanagawiwa kwenye magati, yale mabomba ya kijiji ambayo kila moja lina mama wa kulisimamia, anayefungua, anayefunga, anayewapanga watu foleni. Zamani zamu ya maji iliamuliwa na mwenye sauti kubwa. Gati lenye mjumbe mkali linapata asubuhi na jioni, gati la wanyonge linapata hewa tu, bomba linakohoa. Mradi ukaamua zamu ipangwe na kompyuta, ambayo haina shangazi wala shemeji. Mimi niandike programu Masasi, na kule kwenye kituo cha pampu karibu na Kitangari akawekwa Rajabu, kijana mrefu, mwembamba, mtu wa utani, aliyesomea umeme na kujifunza kompyuta kwa kuchokonoa. Alikuwa mtu wa kuja, kwao ni upande wa Masasi, na alikuwa ndiyo ameoa pale. Desturi ya uwandani unaijua, au kama huijui basi ni hii: mume anahamia kwao mke, na ule mwanzo wa ndoa ni wa kupimwa. Anamlimia mama mkwe, anamjengea, anambebea, mpaka mama mkwe aridhike kwamba binti yake hakupotea. Sasa Rajabu jembe lilikuwa halimjui. Mama mkwe wake, Mama Zuhura, ambaye ndiye aliyesimamia gati la mtaa wao, alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba hajapata kuona mwanaume anayeshinda ndani akitazamana na taa.

Laptop yangu ilikuwa na Windows. Mashine ya kituoni ilikuwa na Linux, mfumo mwingine kabisa, ililetwa hivyo na wafadhili na hakuna aliyethubutu kuigusa. Mimi niliandika, yeye akaijenga kule juu, maana kujenga programu ndiko kuyageuza maandishi kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, na kazi hiyo inafanywa kwa amri zinazoandikwa kwenye lile dirisha jeusi lisilo na picha. Chuoni walituambia amri ni amri. Uongo mtupu. Lile dirisha jeusi lina lugha, na kila mashine ina ya kwake, zinafanana kama Chimakonde na Chiyao: unashika maneno mawili matatu, unajiona umefika, kumbe umemtukana mtu. Na mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo programu yetu ilisafiri kwa basi. Niliiweka kwenye flash, nikaizungushia gazeti, nikamkabidhi kondakta wa basi la Newala kama watu wanavyotuma dawa na samaki wakavu, na Rajabu akaipokea stendi kule juu. Halafu mimi nikakaa kwenye meza yangu ya mlango, simu mbele yangu, nikisubiri kama wale wa uani.

"Dada Skola, imekataa."

"Imesemaje?"

"Inasema faili halipo."

"Na faili lipo?"

"Lipo. Naliona. Nimelifungua, nimelisoma mwanzo mpaka mwisho, lina jina lako juu. Ndiyo nakwambia, inasema halipo."

Hebu fikiria mtu anakuambia kitu kipo mbele yake na mashine inaapa hakipo. Nilikagua usiku na mchana. Vitumbua vya Mama Edda vilipoa kwenye sahani, naye akasimama mlangoni akanitazama. "Mwanangu, unaumwa au unaficha?" Nikamwambia ni kazi. "Kazi gani hiyo isiyotoa jasho lakini inakondesha?" Baadaye nikaja kujua kwamba laptop yangu, kila mwisho wa mstari, ilikuwa inaacha alama mbili zisizoonekana kwa macho, na Linux inataka moja tu. Ile ya pili iliichukua kuwa sehemu ya jina la faili. Ilikuwa inatafuta kitu chenye mkia ambao hakuna binadamu angeweza kuuona. Nikauondoa mkia, flash ikapanda basi, Rajabu akapiga: imekataa tena. Safari hii ni kwa sababu faili moja nililiita kwa herufi kubwa mahali fulani na kwa herufi ndogo mahali pengine, Windows ikanyamaza, Linux ikaona ni watu wawili tofauti. Nikarekebisha, basi, simu, imekataa. Yale mabano niliyojifunza chuoni kwa mbwembwe, dirisha jeusi la kule halikuyajua kabisa. Kila nilichotibu kilizaa kingine. Bosi alikuwa anapiga simu kutoka Mtwara kuuliza kiangazi kikianza tutakuwa tayari, nami nasema tutakuwa tayari, huku naizungushia gazeti flash nyingine.

Halafu siku moja Rajabu akapiga, akanyamaza kidogo kwanza kwa makusudi ili aniue. "Imejenga," akasema. "Imejenga yote, haikulalamika hata neno. Imeandika *tayari*." Nikakaa chini sakafuni. Mama Edda aliponiona nacheka peke yangu akaniletea uji wa mchele na kusema sasa nimepona. Maji yakaanza kugawiwa kwa kompyuta. Wiki ikapita, nyingine ikapita, simu kimya. Mtu mwingine angelala. Mimi nikaanza kuogopa upya, na safari hii zaidi, kwa sababu mashine inayopiga kelele unajua pa kuishika, lakini inayosema tayari na kukaa kimya utaijuaje.

Jibu liliingia kupitia dirishani. Asubuhi moja wanawake wawili waliokuwa wanamuuguza ndugu yao hospitalini walikaa uani wakinywa chai, na kwa lafudhi tu nilijua wameshuka kutoka uwandani. Mmoja alikuwa analalamika kwamba huku Masasi angalau anaoga. "Kwetu maji yote yako kwa Mama Zuhura," akasema. "Pale yanamwagika mpaka bata wamehamia. Kwa Mama Pendo bomba limekauka, kwa Mama Hamisi limekauka." Mwenzake akauliza kwa nini. "Si mkwewe ndiye anayekaa na ile mashine? Mkwe mpya huyo. Kulima hawezi, basi analima kwa maji." Wakacheka. Mwenzake akasema labda ni maneno ya watu tu. "Shoga, lisemwalo lipo." Niliishika kalamu kwa nguvu mpaka ikanivunjikia mkononi, na wino ukaniingia kwenye sketi yangu ya pekee ya kwendea ofisini.

Nilimpigia palepale. Alichelewa kupokea, na alipopokea sauti yake haikuwa na utani. "Nimesikia, dada. Nimesikia kabla yako. Sijagusa kitu mimi, wallahi, naijenga kama ulivyoituma, naiwasha, inasema tayari. Lakini maji yanakwenda kwa mkwe kweli. Nimekwenda kuyaangalia mwenyewe." Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Hamza, alikuwa ameitisha mkutano Jumamosi. "Wakinitoa kwa kosa la upendeleo sitakaa Kitangari. Nitakaaje? Na Somoe hatatoka kwao, mama yake hatamruhusu kumfuata mtu aliyefukuzwa. Nitarudi nyumbani na begi langu kama nilivyokuja. Nisaidie, dada yangu." Mambo yote yalikuwa hapo: kazi yake, jina lake na mke wake, vyote vimening'inia kwenye maandishi niliyoyaandika mimi kwenye meza yenye kitasa. Ijumaa asubuhi nilipanda basi lilelile nililokuwa nikilikabidhi flash zangu, na njia nzima, gari linavyozunguka kona za kupandia uwandani, nilikuwa najaribu kuiendesha programu kichwani, mstari kwa mstari, na kila mara ilikuwa inapita salama.

Somoe alitupikia. Ugali wa muhogo, kisamvu kilichotiwa korosho zilizotwangwa, na ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa kama viazi, ya kumaliziwa na chai. Chumba chao kilikuwa kipya, udongo wa ukutani bado unanukia, kitanda kimefunikwa shuka la harusi. Tulipokuwa tunanawa, Somoe akatoka, akarudi na sahani nyingine iliyofunikwa kwa kawa. "Ya mama," akasema. Kuku. Rajabu akaiangalia ile sahani kama mtu aliyeletewa hukumu. Akaniambia kwa sauti ya chini, maana nyumba ya mkwe iko hatua chache na mkwe hazungumzwi kwa sauti: tangu maji yalipoanza kutiririka kwenye gati lake, Mama Zuhura amebadilika. Anamletea chakula. Amewaambia majirani kwamba amepata mtoto wa kiume uzeeni. Kupitia kwa Somoe anamwita baba. "Anadhani ni mimi," akasema. "Anadhani nampa mimi. Hakuwahi kuniuliza, nami nitaanzia wapi kumwambia?" Yule kuku tulimla. Alikuwa mtamu.

Kituoni nikakaa kwenye ile mashine kwa mara ya kwanza. Chumba cha saruji, pampu inanguruma upande wa pili wa ukuta, kiti kimoja, shati la Rajabu limetundikwa kwenye msumari. Nikamwambia tuiendeshe taratibu, na kila inachosoma ikionyeshe kwenye skrini. Programu yangu ilikuwa inapita gati moja moja kwa kusoma majina ya mafaili, kila gati na faili lake. Ikaanza vizuri: Makote. Msikitini. Shuleni. Sokoni. Lakini katikati, kati ya Makote na Msikitini, skrini ikajaa. Mama. Hamisi. Mama. Pendo. Mama. Zuhura. Kila neno na mstari wake, Mama, Mama, Mama, kama mtoto analia.

"Hizi Mama ni nini?" nikamuuliza.

"Magati. La Mama Hamisi, la Mama Pendo."

"Mimi niliandika Hamisi. Niliandika Pendo, Zuhura. Neno moja moja."

"Nikabadilisha." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ulitaka niandikeje? Zuhura ni shemeji yangu, yuko Mtwara, hana gati. Hamisi ni kinyozi. Wenye magati ni mama zao. Nimwandike mkwe wangu jina la mtoto tupu, halafu siku akija kamati akalisoma kwenye skrini?"

Na kweli, angeandikaje? Kwenye simu miezi yote ile alikuwa akisema gati la Mama Zuhura, nami nikidhani ni adabu ya mdomo tu, kwamba akifika kwenye kibodi atafanya kama tulivyofundishwa chuoni, jina fupi lisilo na nafasi katikati. Sasa dirisha jeusi la Linux, kwa jinsi nilivyokuwa nimeandika zile amri, likikuta nafasi linakata. Halijui kwamba Mama Zuhura ni mtu mmoja. Linaona wawili, Mama na Zuhura. Huyo Zuhura hana bomba linalojulikana, linamruka kimya kimya. Anabaki Mama. Kila Mama aliyefuata akamfuta aliyemtangulia, na kwa kuwa mashine hupanga majina kwa alfabeti, aliyebaki mwisho ni wa Z, na saa zote za akina mama wote zikaenda kwenye bomba lake. Nikayachukua mafaili yaleyale ya Rajabu, nikayaweka kwenye laptop yangu, nikaendesha. Yakapita yote, Mama Hamisi mzima, Mama Pendo mzima, kila mtu na saa zake. Maandishi yaleyale, majina yaleyale, mashine mbili, majibu mawili. Kurekebisha kulikuwa ni kuyafunga majina kwenye alama za kunukuu, kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Rajabu hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Hatuwezi kurekebisha tu, tukanyamaza?" akasema. "Kesho maji yatoke kila mahali. Watasahau."

"Hawatasahau. Watasema umeogopa mkutano ukawarudishia. Utakuwa umekiri."

"Na tukisema ni mashine?"

"Utakuwa safi."

"Nitakuwa safi," akasema, akalichukua shati lake msumarini, akalivaa pole pole, kifungo kwa kifungo. Nilijua anachokiwaza. Nilijua, na bado nilimwambia tunasema. Hata leo sioni tungefanya nini kingine, ila haijawahi kuacha kunisumbua.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mama Zuhura alikaa nje ya mlango, mgongo kwa ukuta, kanga imemfunika mpaka puani, maana mkwe wake yuko ndani na hawakai wakatazamana. Mama Pendo alisimama kwanza, na ulimi alikuwa nao. Alisema bomba lake limekauka mpaka mijusi wametaga ndani, na kwamba kama kuoa ndiyo kuhamisha maji, basi na yeye ana mabinti, anayetaka aje. Watu wakaangua kicheko, Rajabu akatazama viatu vyake. Nikaitwa. Nilieleza kadiri nilivyoweza, nikaona nyuso zinanitazama kama zinavyomtazama wakili wa mwizi. Mzee Hamza akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Binti, mashine ikikosea hukosea hovyo. Hii imekosea ikaingia nyumbani kwa mkwe wake. Ungekuwa wewe, ungeamini?"

Nisingeamini. Ndipo nikaomba jambo moja. Gati la Msikitini lilisimamiwa na mama mmoja aitwaye Mama Zuwena, ambaye hana udugu na Rajabu wa karibu wala wa mbali. Nikasema tutaiacha programu na ugonjwa wake, ila lile gati tulibadilishe jina, badala ya Msikitini liitwe Mama Zuwena, basi. Kwa alfabeti Zuwena yuko nyuma ya Zuhura, kwa hiyo kama kosa ni la mashine maji yatamhamia yeye. Mzee Hamza akatuma watu wawili wa kamati wakasimame na Rajabu kituoni wamwangalie mikono, wengine wakaenda kwenye magati. Tukasubiri. Sijawahi kusubiri kitu namna ile, hata watoto wangu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiria nitamwambia nini Somoe, pale mtu alipokuja anakimbia kutoka msikitini na suruali imelowa hadi magotini, akasema kule maji yanamwagika barabarani, na mwingine akaja kusema kwa Mama Zuhura yamekatika, hata tone. Darasa zima likaanza kucheka, kicheko kikubwa cha watu waliokuwa na hasira bila mahali pa kuipeleka. Mama Pendo akampigia Rajabu vigelegele alipoingia. Mzee Hamza akamshika mkono mbele ya watu. Alikuwa safi.

Kulipotulia, sauti ikatoka nje ya mlango, haikuwa kubwa. "Kwa hiyo yeye hata ndoo moja hakunipa," Mama Zuhura akasema. Hakuwa anamwambia mtu. Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake. Rajabu alisikia. Nilimwona uso wake, na ingekuwa afadhali nisingeuona. Jioni ile Somoe alitupakulia chakula chake yeye, na sahani nyingine haikuja. Niliondoka kesho yake na basi la kwanza, programu imepona, kila Mama anapata saa zake, na bosi akapiga simu kunipongeza. Mradi uliisha, nikahamia mbali. Rajabu alinipigia kila Idi na kila Krismasi, tukaulizana watoto, tukataniana. Habari ya mkwe hakuigusa hata siku moja, na mimi, mwoga kama nilivyo, sikuuliza. Nilijua nilimwokolea mke na kazi. Nilichokuwa sijui ni kama aliendelea kuishi miaka yote ile kwenye ua wa mtu asiyemtaka, na kama mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Hilo ndilo nililopanda nalo basi kwenda arobaini. Dua ilisomwa uani, wanaume kwenye turubai, pilau kwenye masufuria makubwa, nami Somoe akanishika mkono akanipeleka chumba cha ndani. Mama Zuhura alikuwa amekaa mkekani, kizee sasa, macho hayaoni vizuri. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Dada Skola, mama," Somoe akasema. "Wa kompyuta."

Akaupapasa mkono wangu, hakuuachia. "Wewe ndiye uliyesema yalikuwa ya mashine."

"Ndiyo, mama."

"Nilikasirika siku ile. Nililala nimegeukia ukuta. Kulipokucha nasikia dumu linatuliwa uani. Nikachungulia, yeye. Kaenda bondeni kwa baiskeli, kayapandisha kilima, shati limemganda mgongoni. Nikamwambia Somoe, mwambie mumeo bomba liko hapo mlangoni, linatoka. Hakujibu. Kesho yake akaleta tena." Alipumua. "Wakamcheka. Mtu wa pampu anabeba maji kwa baiskeli. Akaleta tu. Ana watoto, analeta. Ana mvi, analeta. Mpaka alipoanza kuumwa."

Nje walikuwa wanaitikia amina. Somoe alitoka, akarudi na bilauri ya maji, akamkabidhi mama yake mkononi. Aliishika, akaigeuza geuza kwenye vidole vyake bila kuipeleka mdomoni.

"Haya ni ya bomba," akasema. "Siyo kwamba ni mabaya, mwanangu. Maji yapo, kila siku yanatoka. Ya kuletewa ndiyo sina tena."